Gemu ya katuni ya utotoni iliyokuvunja moyo: tupeane uzoefu

Mwana wa Mkomani (mwenye mada)

Asalaam aleikum jamani. Juzi mwanangu wa miaka 9 kaniuliza eti zamani nyinyi mlikuwa na gemu? Nikacheka, halafu nikapandwa na hasira peke yangu, kwa sababu nilikumbuka kasa.

Waliokua miaka ya tisini wanaijua ile katuni ya kasa wanne, Teenage Mutant Ninja Turtles: Leonardo, Raphael, Donatello na Michelangelo, waishio kwenye mitaro ya maji machafu ya New York na mwalimu wao panya. Katuni yenyewe ilianza Marekani 1987. Sisi Lamu tuliipata kwa kaseti za video alizokuwa akija nazo ami yangu kutoka Mombasa. Tunajazana sebuleni, watoto wa mtaa mzima, mwingine kakaa dirishani. Babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mvuvi. Siku ya kwanza aliitazama kidogo tu, akasema, "Hao si kasa. Kasa hana zidole. Hao ni watu wamevaa magamba." Akachukua bakora yake akenda msikitini.

Sisi hatukumsikiliza. Kwetu kasa ni kasa. Na kama kasa wa kawaida ukimkurupusha majini humwoni tena, sembuse huyu aliyefunzwa karate?

Basi ikaja habari kwamba kuna nyumba mtaa wa Langoni wana gemu ya kasa. Mashine ilikuwa zile za kuiga Nintendo, mashine ya gemu ya Kijapani, kaseti zake za njano, na chumvi ya bahari ilikuwa inakula yale meno ya shaba ndani ya kaseti. Kila baada ya siku mbili tatu mwenyewe anaitoa, anaipuliza, anaifuta kwa ncha ya kikoi, anairudisha huku sote tumenyamaza kama tuko kwenye dua. Ulikuwa ukitoa shilingi 5 na unacheza mpaka kasa wote wanne wamalizike. Wakati ule shilingi 5 ni mahamri ya watu wawili.

Televisheni ni Greatwall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe. Hapo kaeni na mimi kidogo. Vile vitambaa vya machoni, ambavyo ndivyo vinavyomtofautisha huyu na yule, vyote vilikuwa vya kijivu. Tukawatambua kwa silaha. Na silaha yenyewe ni moja tu ya maana, fimbo ndefu ya Donatello. Wengine ukiwatoa ni kama umemtuma mtoto dukani, hujui atarudi lini. Raphael, ambaye kwenye katuni nilimpenda mimi, na kile kisu chake kifupi ilibidi amsogelee adui mpaka waamkiane.

Nikavumilia. Ikafika sehemu ya pili: bwawa, ndani ya maji, mabomu 8, na dakika 2 na kidogo za kuyategua. Nikasema alhamdulillahi, kasa wamefika kwao.

Jamani, kasa hawajui kuogelea. Unabofya na kubofya, naye anapanda na kushuka kama mtu aliyetoswa gatini na nguo zake. Na kulikuwa na mwani. Mimi nikamwona Leonardo nguvu zimemwishia, nikampeleka makusudi katikati ya ule mwani apumzike, maana ndiko nilikokuwa nikiwaona kasa wa kwetu, wametulia wanakula. Mwani ukampiga shoti. Akafa. Nikadhani nimekosea, nikamwingiza na Raphael.

Siku nyingine nilifika bomu la saba, stima ikapotea. Enzi hizo umeme wetu ni wa jenereta. Shilingi 5 haikurudishwa.

Nipeni na zenu. Sitaki majina ya gemu kumi kwa mstari, nataka kisa.

Binti Shela

Shela ya Malindi, si ya Lamu, kabla hamjaanza.

Mimi ni gemu hiyohiyo, lakini ya kompyuta. Baba alikuwa karani, ofisini kwao kukawa na kompyuta ya disketi, na Jumamosi mchana akituruhusu mimi na kakangu. Tukapita lile bwawa baada ya wiki kadhaa, nikamwona kakangu amelia kwa furaha, na hilo halijawahi kutokea tena hata siku ya harusi yake.

Mbele, kwenye mitaro ya sehemu ya tatu, kuna pengo. Unaruka, kichwa kinagonga dari, unatumbukia. Unaruka tena. Tuliruka likizo nzima ya Agosti. Kakangu akaniambia sijui kuruka, wasichana hawana mkono wa gemu. Nikaamini! Nikaacha gemu zote, nikashika vitabu, na mama akamshukuru Mungu.

Nimekuja kujua nikiwa na watoto wawili: lile toleo la kompyuta la Marekani lina pengo lisilorukika. Si gumu, halirukiki, mpaka utumie ujanja wa siri wa kuidanganya programu. Waliunda, wakaweka kwenye boksi, wakauza, na hakuna aliyefika hapo akaruka. Nikampigia kakangu Doha usiku uleule nikidai kuombwa msamaha. Akasema, "Ungeruka kwa nguvu."

Mwana wa Mkomani

@Binti Shela huyo kakako anafaa kugombea kiti.

Nahodha Kusi

Nyinyi mna bahati, angalau mlipigana. Mimi ni Superman wa Nintendo 64, wa mwaka 1999, aliyetokana na ile katuni yake ya miaka ya tisini. Binamu yangu wa Muscat alikuja nayo Iddi. Tukapiga foleni kama kwenye sadaka.

Superman anaruka angani. Mbele yake kuna pete. Anapita ndani ya pete. Mbele kuna pete nyingine. Ukikosa pete chache au ukachelewa, unarudi mwanzo. Ndiyo hiyo gemu. Mtu mwenye uwezo wa kuinua meli kapewa kazi ya uzi kupita tundu la sindano. Na mji hauonekani, umejaa ukungu mzito. Hadithi inasema ni ukungu wa Kryptonite, lile jiwe linalommaliza nguvu Superman, alioufanya adui, lakini hata mtoto anaona kwamba nyumba zinachomoza mita chache mbele yake kwa sababu mashine haikuwa na uwezo wa kuchora mji mzima. Nimesafiri na jahazi kusi limechafuka mvua haioneshi ncha ya chombo, na bado nilikuwa naona mbali zaidi ya Superman.

Binamu kila saa anasema ngojeni, mbele inanoga. Mbele kulikuwa na pete.

Mtoto wa Barani

Naomba nipinge kidogo, shehe. Mwenye mada unalalamika kwa sababu ulifungwa. Gemu za zamani zilikuwa ngumu, basi.

Na si kila gemu ya katuni ilikuwa mbaya. Bata tajiri, DuckTales, gemu yake ilitoka 1989, mwaka ule ule wa kasa wenu. Yule mzee bata anadunda juu ya bakora yake, anapasua maboksi, anavuka miiba, anafika mpaka mwezini. Kwenye katuni sikumbuki akidunda hivyo. Lakini bakora ni yake, na ubahili ni wake, kila kona anaokota almasi na hesabu inaongezeka. Ukimcheza unajisikia bahili kwelikweli. Mimi nilikuwa nikimaliza kucheza nahesabu chenji ya mama mara mbili.

Mwana wa Mkomani

@Mtoto wa Barani hapo umenisaidia mwenyewe, kakangu. Ugumu sina neno nao. Babu alinifunza kupiga kasia dhidi ya mkondo wa Manda, nimelia, nimevimba mikono, na sikumlaumu mtu. Bata wako ni mgumu lakini ni bata yule yule. Mimi nilipewa kasa anayekufa kwa mwani! Aliyetengeneza alichukua jina na gamba, kasa mwenyewe hakumuuliza. Na babu yangu asiyejua kuwasha redio aliona hilo kabla ya kiti kupata joto.

Mwenye PS Maweni

Mimi nina kibanda cha gemu za PlayStation (PS) hapa Malindi, kwa hiyo naongea kama mfanyabiashara. Mwaka 2016 mwezi wa Mei ilitoka gemu mpya ya kasa hao hao. Nikaona hapa nimepata: kasa wanne, benchi langu linakaa watoto wanne, padi ninazo nne. Nikapiga hesabu ya dakika mpaka usiku. Nikanunua diski kwa hela ya msimu wa watalii, si ndogo.

Kufungua, nacheza mimi mmoja. Nikadhani sijaunganisha vizuri. Nikatoa padi, nikabadilisha waya, nikaizima. Kumbe kucheza wanne ni kwa intaneti peke yake, kila mtu na mashine yake na televisheni yake nyumbani kwake. Kwa runinga moja, mmoja. Hawa ni ndugu wanne waliolelewa shimo moja, wanakula piza sahani moja, wametengenezewa gemu ya kila mtu chumbani kwake.

Watoto wangu waliikalia siku mbili. Mitaro ileile, maadui walewale wanaochelewa kufa. Mmoja akaniambia, "Mjomba, turudishie mpira."

Januari 2017 ikaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni, hata mwaka haujatimia. Diski yangu bado ipo, naweka chini ya mguu wa meza.

Binti Shela

Chini ya mguu wa meza 😂 umeipatia kazi.

Mfaza Mstaarabu

Kisa changu kifupi. Sisi Faza utotoni mwangu nyumbani kwetu hakukuwa na stima. Lakini nilikuwa na rafiki anayesoma Lamu, akija likizo anatusimulia gemu ya kasa barazani baada ya isha. Anasimama, anarusha mateke, anaigiza mabomu yakihesabu. Kwa alivyosimulia yeye, kasa wanazama mpaka chini kabisa ya bahari, wanakutana na papa, wanakutana na majini, na Raphael anaozwa binti wa sultani wa baharini. Mkasa huo ulikwenda likizo tatu.

Nilipofika Lamu kidato cha kwanza nikatafuta ile nyumba ya Langoni kabla hata sijanunua sare. Nikatoa shilingi 5. Nikatazama. Nikamuuliza yule mwenyewe, sultani yuko sehemu ya ngapi?

Nahodha Kusi

Huyo rafiki yako wangemwajiri New York.

Mwana wa Mkomani

@Mfaza Mstaarabu inaelekea tulikaa benchi moja.

Sasa nimalizie yangu, maana jana kumetokea jambo. 2022 walikusanya gemu 13 za zamani za kasa wakaziuza pamoja, na hiyo yetu imo, ila sasa kuna kitufe cha kurudisha nyuma ukikosea. Mpwa wangu anayo. Nikampeleka mwanangu, nikamkalia pembeni kama wakili. Televisheni ni kubwa kama mlango, rangi zote zipo.

Akafika bwawani. Nikanyamaza makusudi, nataka aonje. Akawashusha taratibu, akaukwepa mwani wa kwanza, akaukwepa wa pili. Nikamuuliza, we umejuaje kama unaua?

Akanitazama kwa huruma. "Baba, si wa waridi huu? Mwani gani wa waridi unaowakawaka?"

Miaka yote ile. Kumbe ulikuwa na rangi yake, umetahadharisha kila mtu mwenye televisheni ya rangi, na mimi kwenye Greatwall naona kijivu kama cha kwetu, nampeleka Leonardo akapumzike.

Lakini kuogelea bado hawajui.