Unga wa mlonge, chia na "supafudi" nyingine (vyakula vinavyonadiwa kuwa na lishe ya ajabu): je, zinaweza kuchukua nafasi ya dagaa na matembele?

Binti wa Kimara aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Naomba ushauri katika jambo ambalo limeleta mvutano nyumbani kwetu. Mama yangu ana umri wa miaka 62, anaishi nami hapa Kimara, na kwa miaka 9 sasa anatumia vidonge vya metformini kwa ajili ya kisukari. Mwezi uliopita, baada ya kulalamika kwa muda kwamba anaishiwa pumzi akipanda kilima cha kutoka kituoni, alipimwa akaambiwa kuwa damu yake imepungua na kwamba arudi kwa vipimo zaidi. Kabla hatujarudi, jirani alimleta mfanyabiashara wa bidhaa za lishe, ambaye alimuuzia kopo la unga wa majani ya mlonge, pakiti ya mbegu za chia na chupa ya unga wa kijani usioandikwa umetengenezwa kwa nini, vyote kwa shilingi 85,000. Kwenye lile kopo pamechapishwa kwa herufi kubwa kwamba mlonge una kalsiamu mara 17 ya ile iliyomo kwenye maziwa.

Fedha zimeniuma, sikatai, lakini kinachoninyima usingizi ni kwamba tangu vitu hivyo viingie ndani, mama ameacha dagaa, ameacha matembele, na maharage anayagusa tu kwa kuniridhisha, kwa sababu aliambiwa kijiko kimoja cha asubuhi kina kila kitu ambacho mwili unahitaji. Jana nilirudi kazini nikamkuta amekoroga unga wake ndani ya kikombe cha chai ya rangi, pembeni ana vipande viwili vya muhogo wa kuchemsha, na hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha mchana. Je, vyakula hivi vina nguvu kama wanavyovinadi? Na kama vina faida, viingie wapi katika mlo wa mtu wa hali kama ya mama?

Nesi Mstaafu alijibu:

Mwanangu, pole kwa kuuguza. Nimefanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi, na kisa chako nimekisikia mara nyingi, ila bidhaa ndiyo hubadilika: zamani ilikuwa maji ya aloe, leo ni mlonge na chia.

Tuanze na lile kopo, kwa sababu lilichoandika si uongo, ila ni ukweli uliopimwa kwa mizani ya muuzaji. Gramu 100 za unga mkavu wa mlonge huwa na kalsiamu karibu miligramu 2,000, na gramu 100 za maziwa huwa na takriban miligramu 120, kwa hiyo ukigawanya unapata hizo mara 17. Sasa niambie ni nani anayekula gramu 100 za unga wa mlonge kwa siku. Kijiko cha chai hubeba kama gramu 3, maana yake mama anapata miligramu 60 hivi, wakati glasi moja ya maziwa ya mililita 250 ingempa kama 300. Jani lililokaushwa limeondolewa maji, na ukilipima kwa uzito dhidi ya kitu ambacho sehemu yake kubwa ni maji, lazima lishinde. Hata mchicha ukiukausha na kuusaga utaushangaa. Neno lenyewe "supafudi" ni la wauzaji, halina kipimo chochote cha kitabibu, na ndiyo maana Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2007, hauruhusu liandikwe kwenye vifungashio isipokuwa pale ambapo faida mahususi ya chakula hicho imethibitishwa na kuidhinishwa.

Suala la damu ndilo zito zaidi, na hapo nakuomba uwe makini. Upungufu wa damu si ugonjwa mmoja. Unaweza kutokana na kukosa madini chuma, kukosa asidi ya foliki (mojawapo ya vitamini B), kukosa vitamini B12, matatizo ya figo, au damu kuvuja polepole tumboni bila mtu kujua. Mama ametumia metformini miaka 9, na dawa hiyo ikitumika kwa muda mrefu inajulikana kupunguza ufyonzaji wa vitamini B12. Ikiwa tatizo lake ni hilo, hata ale mlonge debe zima hautamsaidia, kwa kuwa majani hayana B12 ya kutegemewa. Vitamini hiyo hupatikana kwenye maini, nyama, samaki, mayai na maziwa. Yaani dagaa aliowaacha ndio waliokuwa wakimpa kile ambacho huenda amekipungukiwa. Mrudishe kliniki, mwambie daktari ni miaka mingapi ametumia metformini, na umuulize waziwazi kuhusu B12 na figo. Asiache vidonge vyake kwa uamuzi wenu wenyewe.

Na ile chai ya rangi, mwanangu, ndiyo iliyonifanya niandike jibu refu hivi. Chai inayonywewa pamoja na chakula huzuia madini chuma ya kwenye mimea yasifyonzwe vizuri, kwa hiyo kukoroga unga wa majani ndani ya chai ni kuweka kwa mkono huu na kuondoa kwa mkono ule. Chai isubiri saa moja au mbili baada ya mlo. Badala yake, akishakula maharage au mboga za majani, apate kitu chenye vitamini C papo hapo: pera, kipande cha papai, chungwa, au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga. Pera letu hili la kawaida lina vitamini C zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100, wakati chungwa lina kama 50, na sijawahi kuona mtu akilifungia pera kwenye kopo na kuliita la ajabu.

Chupa ya unga wa kijani usioelezwa umetengenezwa kwa nini, iwekeni kando kabisa, na mwende nayo kliniki.

Mkulima wa Mkuranga alijibu:

Naomba nimtetee mlonge kidogo, kwa kuwa uzio wa nyumba yangu wote ni milonge na sijawahi kumuuzia mtu jani. Mama Nesi amesema kweli kuhusu mizani, lakini watu wasitoke hapa wakidhani mti huu hauna maana. Kosa ni kuufanya dawa ya kijiko. Sisi tunachuma majani mabichi, tunayapukutisha kutoka kwenye vikonyo, tunayapika kama mboga nyingine kwa karanga au tui la nazi, na mtu anakula bakuli zima pamoja na ugali. Hapo ndipo unapata kiasi cha maana. Tui na karanga si anasa wala kunogesha tu, kwa sababu viini vinavyogeuka vitamini A mwilini hufyonzwa vizuri zaidi panapokuwa na mafuta, na hili linahusu matembele, mchicha na viazi lishe vilevile.

Kwa mwenye kutaka kukausha, majani yaanikwe kivulini penye upepo, yasianikwe juani, maana jua kali hupunguza vitamini hizo. Ule unga uliofifia hadi kuwa rangi ya majani makavu ya chai, ambao umekaa juani kwenye meza ya muuzaji tangu asubuhi, mimi nisingeununua hata kwa mia mbili. Jambo moja zaidi: mwenye kisukari asianze kunywa mlonge mwingi kila siku bila kumweleza daktari, kwa kuwa unaweza kushusha sukari pamoja na dawa anazotumia.

Mazoezi Kwanza alijibu:

Kuhusu chia, dada, sioni sababu ya kuzitupa ilhali zimeshanunuliwa. Zina nyuzinyuzi nyingi sana, gramu 30 na zaidi katika kila gramu 100, na kwa mtu mwenye kisukari nyuzinyuzi husaidia sukari isipande ghafla baada ya kula. Ila ziloweshwe kwanza mpaka zivimbe na kuwa kama ute, kwani mbegu kavu zikimezwa na maji zinaweza kuvimbia kooni na kumkwamisha mtu. Sifa ya kwamba zina omega-3, aina ya mafuta ambayo mwili unayahitaji, ni ya kweli, lakini aina iliyomo kwenye chia mwili huigeuza kwa kiasi kidogo tu kuwa zile aina ambazo samaki anazo tayari. Zikiisha, sioni haja ya kununua nyingine. Kunde, choroko na maharage vina nyuzinyuzi za kutosha.

Muuza Mboga Mabibo alijibu:

Nimesoma nikaona niseme la sokoni, kwa kuwa wataalamu wamesema la mwilini. Dada, kwa zile 85,000 ungenunua mafungu 170 ya mchicha ya shilingi 500, yaani kila siku fungu moja kwa zaidi ya miezi mitano. Najua si mchicha peke yake utakaompa mama afya, lakini hesabu hiyo itazame.

Mboga nazo zina mambo yake. Uliza zimetoka wapi. Zipo zinazolimwa kando ya Mto Msimbazi, ambao hupokea maji taka ya majumbani na ya viwandani, na metali zenye sumu zikishapanda kupitia mizizi hata ukiosha mara kumi hazitoki. Mimi mteja akiniuliza nilikochukua mzigo sichukii, na muuzaji anayechukia swali hilo muache. Mchicha uoshe kabla ya kukata, usiuchemshe ukamwaga maji yake, usiukaushe motoni mpaka uwe mweusi. Kisamvu hakiguswi kibichi: kitwangwe na kuchemshwa muda mrefu, kwa sababu majani ya muhogo yana sumu ya sianidi inayopungua kwa kutwangwa na kupikwa. Nasema hivi kwa kuwa wapo vijana siku hizi wanaosaga kila jani la kijani kwenye blenda na kunywa.

Dagaa nao wachambue. Waliokaushwa juu ya mchanga utawajua kwa kuwasugua kiganjani. Chagua walioanikwa kwenye vichanja, uwatoe vichwa, uwaoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu, na uwapike wazima na mifupa yao, kwani kalsiamu iko humo. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu usimpe mama wala mtoto, hata kama ni bei ya kutupa. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, si hadithi. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na kupika hakuiondoi.

Binti wa Kimara alijibu:

Shikamoo, Mama Nesi, na asanteni nyote. Nilimsomea mama majibu haya jana usiku, na hesabu ya kijiko na glasi ya maziwa ndiyo iliyomfanya anyamaze. Tumekubaliana kurudi kliniki Alhamisi. Leo mchana amekula matembele ya nazi, dagaa waliokamuliwa ndimu na ugali mdogo wa dona, na chai ameisogeza mpaka saa kumi, japo kwa manung'uniko. Chia ataendelea nazo kwenye uji mpaka pakiti iishe. Amebakiza swali moja: amesikia kwamba ubuyu nao unauzwa Ulaya kama chakula cha ajabu, na yeye ubuyu mwekundu wa Zanzibar ndio udhaifu wake.

Nesi Mstaafu alijibu:

Marahaba, mwanangu. Alichosikia ni kweli, Umoja wa Ulaya uliruhusu unga wa ubuyu uuzwe huko kama chakula kipya mwaka 2008, jambo lililotuchekesha sana sisi tuliokulia Dodoma. Lakini ule mwekundu umepikwa kwa sukari na kutiwa rangi, kwa hiyo kwake ni peremende. Mnunulie ubuyu mweupe ambao haujaongezwa kitu, aukoroge kwenye maji ya baridi bila kuuchemsha ili vitamini C isipotee, na asitie sukari. Utamchachukia siku mbili tatu za mwanzo. Na Alhamisi msisahau ile chupa ya unga wa kijani.