Chujio la mwani linatoa ukoga mweusi badala ya kijani, taa ndiyo mbovu?

FundiBaridi (Tanga)

Habari zenu. Mie ni fundi friji, kibanda changu kiko Ngamiani, barabara ya 14. Nina tangi la lita 240 la maji ya bahari, ndani mna tasi wanne waliotoka kwenye dema. Mvuvi aliona wadogo mno kwa kitoweo akanipa. Kioo kinashika ukijani kila baada ya siku mbili. Nimechoka kusugua, na wateja wanauliza kama nafuga samaki au napika mchicha.

Mwezi uliopita nikaunda chujio la mwani. Paipu nimeichana ufa, chini yake nimening'iniza ule wavu wa plastiki wa kudarizia, upana sentimita 15, urefu 20. Pampu inapandisha maji, yanateremka juu ya wavu, yanarudi tangini. Taa ni balbu ya LED ya wati 12, nyeupe ya baridi, upande mmoja tu, sentimita 30 kutoka kwenye wavu kwa kuogopa marashio ya maji. Nilivyoelewa, mwani ukiota hapo utakula nitreti na fosfeti (mbolea inayotokana na uchafu wa samaki na chakula), mie nakwangua natupa, kioo kinakosa chakula.

Nilichovuna ni ukoga mweusi unaoteleza kama mafuta ya kompresa iliyoungua. Nikaongeza saa za taa kutoka 12 hadi 24, ukazidi. Unabanduka vipande vipande, unaziba pampu. Nakosea wapi?

Chewa_Mvivu

Unawalisha nini hao tasi?

FundiBaridi

Dagaa wa kusaga, asubuhi na jioni. Konzi moja moja.

Chewa_Mvivu

Konzi! Samaki wanne wa ukubwa wa kidole! Tasi mla majani huyo, kaka. Hapo unalisha maji.

MamaSpinosum (Mlingotini, Bagamoyo)

Chewa kasema kweli ila hajamaliza. Fundi, rangi ya ukoga ndiyo inayokusomea tatizo. Mweusi au kahawia wa kuteleza maana yake chakula ni kingi na mwanga ni mdogo. Ukiona wa manjano, mgumu kama mpira, hapo mwanga umezidi chakula. Unaoutafuta ni wa kijani, nywele ndefu.

Umeongeza saa ilhali kilichopungua ni nguvu. Balbu ndogo ukiitoa sentimita 30 ukaileta 10, mwanga unaopiga wavu unaongezeka karibu mara tisa. Saa 24 hazisaidii, mwani nao unataka giza. Anza na 12, wavu ukishashika panda taratibu, usipite 18. Tena washa usiku, taa ya tangi ikiwa imezimwa. Usiku viumbe wote humo wanatoa hewa ya kaboni na pH inashuka, yaani maji yanakuwa na asidi zaidi. Mwani ukiwa kazini saa hizo unaifyonza.

Rangi ya taa nayo ina neno lake. Hizi taa za kuoteshea miche, nyekundu ya nanomita 660 yenye buluu kidogo, ndizo zinazofaa zaidi. Usipozipata, chukua nyeupe ya joto, ile ya kimanjano iliyoandikwa 2700 au 3000, uweke pande zote mbili. Wavu unaopigwa mwanga upande mmoja hesabu ni nusu ya wavu.

Halafu pima maji. Lita 50 kwa saa kwa kila sentimita ya upana, kwako ni kama 750. Usisome kibandiko cha pampu, kinga ndoo. Na huo wavu uliukwaruza? Ukiwa laini mwani hauna pa kushika. Chukua jino la msumeno uukwaruze mpaka uote manyoya.

Mie nimelima mwani baharini miaka saba, kitu kilichonifundisha ni kwamba mmea haudanganyi. Cottonii, aina ya mwani tunaoulima, ikichomwa na maji moto inakuwa nyeupe, huhitaji mtaalamu wa kukwambia.

FundiBaridi

Dada, nimekinga. Ndoo ya lita 10 imechukua dakika 1 na sekunde 25. Kwa saa ni kama lita 420! Kibandiko kinasema 1200. Nimefungua pampu, kichujio chake kimeziba kwa huo huo ukoga. Na mie ndiye ninayewagombeza watu kila siku kwa kutosafisha kondensa.

Wavu sikuukwaruza. Naogopa kusogeza taa, maji yakirukia soketi?

Chewa_Mvivu

Weka kioo au plastiki angavu katikati, na waya uning'inie uwe chini kuliko soketi kabla ya kupanda, tone lidondoke hapo. Fundi friji unafundishwa waya na mvivu.

Maji unachota wapi lakini?

FundiBaridi

Raskazone. Safari ya mwisho ilikuwa katikati ya masika, nilichota karibu na mtaro kwa kuwa pikipiki inafika.

MamaSpinosum

Astaghfirullah. Basi hiyo ni mbolea umeibeba kwa madumu. Subiri bamvua, maji yakijaa kabisa, kusiwe na mvua siku kadhaa, uchote mbali na mtaro. Badilisha robo ya tangi kila wiki, usiyamwage yote kwa pupa. Wavu kila siku saba uutoe, ukwangue, uusuuze kwa maji ya bomba. Kuna vidudu vinakaa humo vinakula mwani wako. Usiusugue ukawa mweupe, acha mizizi.

FundiBaridi

Wiki ya tatu leo. Taa mbili nyekundu, sentimita 10 kila upande, saa 14 usiku. Ndoo sasa sekunde 46. Dagaa nimepunguza hadi kijiko cha chai.

Nusu ya chini imeota nywele za kijani kama urefu wa kidole gumba. Kioo nimekisugua mara moja tu wiki nzima. Ila katikati, pale balbu zinapotazamana, pana duara la manjano, gumu. Kipande cha kijani nimewatupia tasi, wamekimaliza kabla sijafuta mikono.

MamaSpinosum

Duara hilo ni mwanga umezidi. Rudisha taa hadi sentimita 13 au 14, saa usiziguse. Kikwangue hicho cha manjano, tuonane Jumamosi.