Tupeane uzoefu: mliowahi kuota chunjua chini ya unyayo, mlizitoaje?

Mpangaji wa Tandale:
Wakuu habari za jioni. Leo kwenye mwendokasi nimesimama karibu na dada mmoja anakanyagia ukingo wa nje wa mguu, kisigino hakigusi chini. Nikajua tu. Tembea ile naijua, niliitembea kidato cha tatu chote. Chunjua ya kisigino haiui mtu, ila ile hatua ya kwanza ukishuka kitandani asubuhi unaweza kumtukana mtu ambaye hata hayupo. Mliopitia, mlizitoaje? Wembe msinitajie.

Mama Shuku:
Nilikuwa nayo. Wembe.

Kinyonga Mzee:
Hahaha uzi umeharibika mapema.

Bweni Namba Nne:
Aisee umenikumbusha mbali. Sisi bwenini tulikuwa tunaoga peku, sakafu ya saruji imechimbika, maji yametuama, na ndala moja inavaliwa na chumba kizima. Muhula wa kwanza alikuja mmoja nayo. Muhula wa pili nusu ya bweni tunachechemea kwenda mstarini. Matroni akasema ni miiba ya mchongoma. Wote tulikanyaga mchongoma mmoja?

Nesi wa Zamu:
Matroni wenu alikuwa mvivu wa kuangalia. Hicho ni kirusi, HPV, kinaingia kwenye ngozi iliyolowa yenye vijimchubuko, ndiyo maana bafu la pamoja ndilo kwao. Watu wengi wanachanganya na sugu, kwa hiyo kwanza hakikisha unacho nini. Osha mguu, kaa kwenye mwanga. Kwenye sugu ile michirizi ya ngozi inapita juu kama kawaida, kwenye chunjua inakatikia ukingoni. Ukiikwangua kidogo unaona vidoti vyeusi, ni vimishipa vya damu vilivyoganda, si uchafu wala si mizizi. Halafu ibane kwa pembeni kwa vidole viwili. Ukiruka, ni chunjua. Sugu inauma zaidi ukiibonyeza kwa juu.

Fundi Bomba:
Doti jeusi? Kwetu Kigoma huyo ni funza. Pini, dakika mbili, kwisha habari.

Nesi wa Zamu:
Funza ana doti moja katikati ya duara jeupe, anawasha, na anavimba ndani ya siku chache. Chunjua inakaa miezi na miezi. Ukiichimba kwa pini unamwaga damu tu, kisha pini hiyo hiyo unamtolea mtoto funza. Hongera.

Sharifu wa Bara:
Mnazunguka mbuyu. Mtu amekanyagishwa. Mguu ukianza kuuma bila sababu angalia nani kapita mlangoni kwako.

Bweni Namba Nne:
Yaani mchawi alitegea bweni zima? Huyo ana bajeti.

Sharifu wa Bara:
Cheka tu. Mjomba wangu alichomwa hospitali ikarudi. Kaenda kwa mzee mmoja, kasomewa, baada ya muda ikadondoka yenyewe.

Nesi wa Zamu:
Mkuu, zinadondoka zenyewe mwili ukishamtambua adui. Kwa watoto nyingi huisha ndani ya miaka miwili bila dawa yoyote. Wakubwa ndio huchelewa. Mzee alilipwa kwa kazi iliyofanywa na kinga ya mjomba wako.

Sharifu wa Bara:
Sawa daktari wa mtandaoni.

Binti Newala:
Niliapa sitachangia ila mmeniamsha. Kaka yangu mkubwa alikuwa nayo chini ya kidole gumba cha mguu, pale pale anaposukumia mpira. Kulikuwa na ndondo inakuja na kocha wa timu ya mjini ameahidi kuja kumtazama. Mzee mmoja wa jirani akamwambia mafuta ya maganda ya korosho yanaondoa sundosundo usiku mmoja. Na si uongo mtupu. Sisi wa kusini tunajua yale mafuta yanavyochuna ngozi, angalieni vidole vya mama zetu wabanguaji. Ndiyo maana mbanguaji anapaka majivu mikononi kwanza.

Basi kaka akachoma maganda juu ya kigae, akakinga yale mafuta meusi, akalowesha pamba, akaifunga kwa mpira wa baiskeli, akalala. Usiku wa manane nasikia mtu anasoma kaswida. Kaka hakuwa mtu wa kaswida. Mama akawasha kibatari: unyayo mzima malengelenge, mafuta yametiririka hadi katikati ya vidole, na kwa kuwa alijishika usoni kwa maumivu, jicho moja limeshafumba. Mama anammwagia maji, kaka anapiga kelele, baba anauliza mafuta yamebaki kiasi gani kwa sababu anataka kupaka nguzo za banda mchwa wasile.

Alfajiri tulimpeleka zahanati kwenye baiskeli, mguu umening'inia. Jicho lilipona haraka, namshukuru Mungu. Kidonda kilikaa msimu mzima. Ndondo aliitazama amekalia kinu kilicholazwa. Kocha alikuja kweli, akamchukua beki wa kushoto. Mpaka leo kaka hasemi na yule beki.

Kinyonga Mzee:
Na chunjua?

Binti Newala:
Ilitoka na nyama yake. Kidonda kilipofunga zikaota mbili pembeni.

Fundi Bomba:
Hayo mafuta ya mchwa yanapatikana wapi? Nina banda.

Mama Shuku:
Beki aliishia timu gani?

Binti Newala:
Anauza simu Masasi.

Mpangaji wa Tandale:
Wakuu turudi kwenye miguu jamani.

Mchaga wa Mjini:
Pole kwa kaka. Ila wengine wanatumia utomvu wa mnyaa, ni yale yale, na ukiingia jichoni utajuta zaidi. Mimi nilipona kwa dawa ya duka la kawaida, asidi ya salisiliki, kichupa kidogo chenye brashi. Ila ni kazi ya subira. Loweka mguu kwenye maji ya vuguvugu dakika 5 hadi 10, sugua ngozi iliyokufa kwa kipande cha msasa ukitupe, zungushia mafuta ya mgando kwenye ngozi ya pembeni isiyo na chunjua, dawa iguse katikati tu, funika na plasta. Kila siku, hadi wiki 12. Wengi wanaacha mara tu maumivu yakipungua, halafu wanasema dawa feki. Na msipewe ile Whitfield mkaridhika. Ina salisiliki asilimia 3, ni ya fangasi. Chunjua ya unyayo inataka asilimia 17 kwenda juu, plasta zake nyingine zinafika 40.

Halafu wale vijana wanaopita mtaani na beseni wanasugua visigino vya watu wote kwa jiwe moja: mpe jiwe lako au mwache apite.

Mama Shuku:
Jiwe lake linasugua vizuri lakini.

Fundi Bomba:
Tepu ya mafundi, ile ya rangi ya fedha. Bandika wiki nzima, bandua, sugua, bandika tena. Bure kabisa.

Nesi wa Zamu:
Ilisifiwa sana kwenye utafiti mmoja Marekani mwaka 2002. Waliorudia baadaye hawakuona tofauti ya maana. Haidhuru ukijaribu, ila usimnyang'anye mtu tepu ya kazi.

Pwani Mchangani:
Mimi nilichomwa kwa baridi Moshi, kwa madaktari wa ngozi pale KCMC. Nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Inafuka moshi, unasikia inachoma, kesho yake lengelenge. Unarudi kila baada ya wiki mbili tatu. Inauma kuliko wanavyokwambia.

Kinyonga Mzee:
Si ndiyo ile wanahifadhia mbegu za madume ya ng'ombe?

Pwani Mchangani:
Hiyo hiyo.

Kinyonga Mzee:
Basi nipo Usa River jirani na wale wa uhamilishaji, nikamate mmoja.

Pwani Mchangani:
Ukitoka na ndama usirudi kwenye uzi huu.

Mtu wa Kusini:
Kwa mwenye kisukari futeni yote hayo. Baba yangu alijichonga kitu alichodhani ni sugu, mguu ulikuwa umekufa ganzi, hakusikia. Walikata vidole viwili.

Nesi wa Zamu:
Pole sana ndugu yangu. Ni kweli, mwenye kisukari asiguse asidi wala msasa bila kuonwa. Na mwenye chunjua zinazosambaa haraka apime pia kinga yake. Lingine: doa jeusi linalotanuka au kidonda kisichofunga chini ya mguu au chini ya kucha, kapimwe. Bob Marley saratani ilimwanzia kwenye kidole gumba cha mguu, watu wakidhani ni jeraha la mpira. Akafariki 1981.

Sharifu wa Bara:
Na yeye alikanyagishwa.

Bweni Namba Nne:
Huyu mtu hachoki.

Mke Halali:
Naomba niulize kwa siri mbele ya watu wote. Mume wangu ameona HPV kwenye kadi yangu ya zahanati, akaingia mtandaoni, tangu juzi analala sebuleni.

Nesi wa Zamu:
HPV ziko aina zaidi ya 200, dada. Za unyayo mara nyingi ni ya 1, ya 2 na ya 4, unazikanyaga bafuni. Zile za saratani ya shingo ya kizazi ni nyingine, hasa ya 16 na ya 18, ndizo wasichana wetu wanachanjwa tangu 2018. Mwonyeshe hapa. Arudi chumbani, na kila mtu awe na ndala zake.

Mke Halali:
Amesoma. Amerudi. Anauliza kama aliyeniambukiza mimi ni mama yake, maana ndiye tuliyekuwa tunachangia naye ndala.

Fundi Bomba:
Hapo sasa mimi sipo.