Rivolva ya babu wa KAR: nataka kuifufua ing'ae, naombeni ushauri

Mjukuu wa Bombo
Salaam aleikum wakubwa. Mwezi uliopita tuliezua nyumba ya babu hapa Bombo, Uganda, ili tubadilishe mabati. Juu ya dari tukakuta sanduku la bati. Ndani mlikuwa na koti la KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) lililoliwa na mende, mkoba wa bastola wa ngozi, mtupu, na pembeni kabisa rivolva iliyoviringishwa kwenye shuka lililolowa grisi. Ubavu wa kushoto imeandikwa WEBLEY, MARK VI, PATENTS, na mwaka 1917. Babu alikuwa sajini, alipigana Burma 1944. Nyumbani tumekua tukisikia kwamba afisa wake Mzungu alimpa zawadi walipoagana. Zawadi yenyewe hatukuwahi kuiona mpaka siku hiyo.

Mimi ni fundi wa pikipiki, kwa hiyo chuma si kigeni kwangu. Nataka niitoe kutu yote, niipeleke kwa mafundi wa Katwe, Kampala, ipigwe nikeli, vipande vyeusi vya mpini nivitupe niweke mpingo wenye korongo wa taifa, kisha niitundike sebuleni chini ya picha ya mzee. Ubavu wa kulia nimeshaanza kwa msasa 120 na petroli, unatoka vizuri. Shida ni skrubu moja imegoma. Niipashe moto?

Fundi Mzee wa Kisenyi
Msasa 120! Huo ni wa mbao za mlango, mwanangu. Weka chini sasa hivi, na moto usiuwashe.

Nimetengeneza saa za ukutani na cherehani za miguu miaka thelathini, na kosa ni lilelile: mtu anadhani kitu cha kale kinadai kung'aa. Chuma cha aina hiyo kilitoka kiwandani Birmingham na rangi yake ya bluu iliyoiva kuelekea weusi. Baada ya miaka mia inageuka kahawia tulivu. Hiyo kahawia haina madhara. Kinachokula chuma ni kutu nyekundu inayotoa unga ukiigusa, na hiyo hutolewa kwa mafuta mepesi, kitambaa, na sufi ya chuma iliyo laini kuliko zote, taratibu kama unamwosha mtoto. Ukipiga nikeli umefunika kila alama. Na hivyo vipande vyeusi si plastiki. Ni mpira uliopikwa na salfa mpaka ukawa mgumu, wa asili ya bastola hiyo. Ukivitupa mpingo hautavirudisha.

Dereva wa Malaba
Kama unaona usumbufu nicheki pembeni tuongee bei 😂

Afande Mstaafu
Wewe dereva futa hayo maneno, watu wamefungwa kwa utani wa namna hiyo.

Mjukuu, wenzako wanakupa ushauri wa mafuta na sufi, mimi naanzia nyuma zaidi. Una kibali? Sheria ya Silaha ya 1970 inataka mwenye bastola awe na kibali. Kibali anaandikiwa mtu kwa jina lake, hakirithiwi kama kiwanja, na sidhani babu yako alikuwa nacho. Hata kuitengeneza tu si kazi ya gereji, anayetengeneza silaha anatakiwa awe na leseni yake. Kesi za raia kukutwa na silaha zimekuwa zikiishia mahakama ya kijeshi. Mahakama ya Juu ilikataza Januari 2025, lakini mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria nyingine inayorudisha baadhi ya kesi za raia huko. Usiwe wewe wa kuipima.

Halafu umesema mkoba mtupu. Na silinda, ile ya matundu ya risasi, je? Umeichungulia?

Mjukuu wa Bombo
Afande, silinda haizunguki, imeshikana. Kwenye kopo la maziwa kulikuwa na risasi mbili zimeota kijani. Sikufikiria kwamba ndani ya silinda kunaweza kuwa na nyingine.

Afande Mstaafu
Basi ihesabu kuwa imejaa. Siku mbili umekuwa ukisugua bastola yenye risasi, tena kwa petroli. Usiifungue kwa nguvu, usigonge, usipashe. Nazo zile mbili za kwenye kopo zinahesabika kwa sheria sawasawa na bastola. Ilaze chumba kinachofungwa, mtutu uelekee ukuta wa nje usiopita watu, ufunguo kaa nao wewe.

Mama Rehema
Hata mimi ni wa Bombo na baba yangu alikuwa KAR. Baba mkubwa wenu atasema izikwe shambani, wazee wetu wote husema hivyo. Msizike. Mtoto wa jirani atalima muhogo pale mwaka ujao. Na wewe usiibebe kwenye boda kwenda polisi, utakamatwa njiani na hakuna atakayeamini ulikuwa unaenda kuisalimisha. Mwone mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, tafuta wakili, wao wapige simu kituoni, polisi waje kuichukua nyumbani mbele ya mashahidi. Dai karatasi yenye namba ya bastola.

Fundi Mzee wa Kisenyi
Maneno ya mama ni sahihi. Lakini kuna jambo linanikereketa. Zile picha ulizozipiga kabla hujaanza kusugua, unazo? Bastola ya serikali ya Uingereza hugongwa alama ya mshale mpana, kama unyayo wa kuku. Ikitolewa rasmi jeshini na kuuzwa, hugongwa mshale wa pili, ncha zikakutana. Huo ungekuambia mengi kuhusu ile hadithi ya zawadi.

Mjukuu wa Bombo
Ninayo moja tu, niliyomtumia ndugu yangu aliyeko Jinja. Ubavu wa kulia, mshale mmoja unaonekana. Mbele ya ncha yake kuna kutu, kuna kitu kama mistari miwili, au mikwaruzo. Hapo ndipo nilipoanzia msasa. Sasa pameng'aa kama sufuria, hapana kitu.

Afande Mstaafu
Pole. Kila familia ya KAR ina afisa aliyegawa zawadi, yangu pia inaye. Askari alibeba bunduki ndefu. Rivolva ilikuwa ya afisa, na kufikia 1944 ya kawaida jeshini ilikuwa ndogo, ya risasi ya .38. Hiyo yenu ya .455 ilikuwa ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ingawa maofisa wengi walizing'ang'ania. Kwa hiyo hadithi yenu inawezekana. Inawezekana pia babu aliiokota. Au vinginevyo.

Mjukuu wa Bombo (wiki tano baadaye)
Wakubwa, nimerudi. Tulifanya kama alivyosema Mama Rehema. Walikuja polisi wanne na fundi wao wa silaha, akaifungua kwa subira kuliko yangu. Matundu sita, risasi moja. Sikulala usiku ule.

Wameichukua, tumeandikiana. Niliuliza kama inaweza kwenda Makumbusho ya Uganda pale Kitante, Kampala, ikiwa imezimwa isiweze kufyatua tena, wakaniambia niandike barua. Nimeandika, bado jibu sina. Mkoba wa ngozi wameniachia. Sasa fundi, huu naruhusiwa kuufufua? Ngozi imekakamaa na inatoa unga mwekundu kwenye mikunjo.

Fundi Mzee wa Kisenyi
Huo ndio wa kwako. Usipake samli wala mafuta ya kupikia, utavuta panya na ukungu. Brashi laini kwanza, halafu kitambaa kikavu, kisha nta ya ngozi kidogo sana. Pale penye unga mwekundu usisugue, ngozi hapo imekwisha kufa, gusa tu. Jaza karatasi safi ndani urudishe umbo polepole, siku nyingi.

Na nikuulize, bastola mliikuta nje ya mkoba, siyo? Asidi ya ngozi hula chuma. Anayejua silaha huvitenga akiviweka kwa muda mrefu. Babu yako aliipaka grisi, akaivika shuka, akaacha mkoba kando. Ndiyo maana mwaka 1917 bado ulisomeka.

Mjukuu wa Bombo
Kumbe. Na mimi nikaja na msasa.

Kitu kimoja: mshono wa upande umefumuka zamani ukashonwa tena kwa uzi wa gunia, mishono saba mikubwa imekaa upande upande. Fundi wa ngozi wa soko la Balikuddembe ameniambia atashona upya kwa uzi wa nta kupitia matundu yaleyale, elfu kumi na tano tu.

Mama Rehema
Nani alishona huo wa gunia?

Mjukuu wa Bombo
Shangazi anasema ni babu. Alishonea pale uani, yeye akiwa mdogo anamshikia taa.

Fundi Mzee wa Kisenyi
Elfu kumi na tano zako kanunulie nta.