Sadaka ya nafaka: ahadi nyingi, ghala tupu

Mhazina_Diakonia
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Usharika wetu uko Dodoma vijijini, wengi wetu wakulima. Kila Januari njaa ikianza kubana tunatangaza sadaka ya chakula ibadani. Ahadi zinamiminika, ila kinachofika ni madebe machache, nusu yake yametobolewa na dumuzi. Kazi yote inabaki kwa kamati. Washarika tuwaingizeje, na misioni ikae wapi?

Mzee wa Jumuiya
Mnakusanya mwezi mbaya. Januari mtoaji mwenyewe ananunua unga. Kusanyeni Juni na Julai, mavuno yakiwa bado uani na walanguzi hawajapita. Tena achaneni na "kila mtu kadiri atakavyojaliwa"; wekeni debe moja kwa kaya, asiyelima anunue mfuko wa kuhifadhia nafaka au atoe siku ya kazi. Debe la mahindi makavu ni kilo 17 au 18, hivyo jumuiya (kikundi cha kaya jirani za usharika) ya kaya 15 inatoa kama kilo 255. Kwa gramu 400 kwa mtu kwa siku, kaya ya watu watano inakula kilo 60 kwa mwezi. Jumuiya moja imeshalisha kaya nne mwezi mzima. Hesabu hiyo isomwe kwenye jumuiya, siyo madhabahuni.

Mama Ghala
Kosa la kwanza ni kupokea bila kupima unyevu. Weka mahindi theluthi ya chupa kavu, ongeza vijiko vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, rudisha juani. Isipoganda, bado anika siku moja zaidi: kipimo hiki kinakamata unyevu wa asilimia 15 kwenda juu, na ghalani tunataka 13.5.

Akina mama wapepete na kuchambua. Punje zenye ukungu zifukiwe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupika, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kuku na ng'ombe nao wasipewe.

Kisha mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani. Shindilia hewa itoke, funga kila nailoni peke yake: sokota, kunja, kaza kamba. Panga juu ya mbao, mbali na ukuta. Wengi huharibu kwa kufungua kila wiki "kuangalia". Hewa ikiingia, wadudu wanafufuka.

Mwinjilisti wa Mtaa
Orodha ya wapokeaji itoke kwenye jumuiya, ihakikiwe na mwenyekiti wa kitongoji, Waislamu na wasio na dini wakiwemo. Siku ya mgao pasiwe na mahubiri wala kuandikisha majina ya ubatizo. Ukihubiri foleni, mtu anaitikia unga. Vijana wapime kwa mzani, kwaya ibebe mizigo kwa wazee na wagonjwa. Ziara za nyumbani zifanyike wiki nyingine, mikono mitupu. Hiyo ndiyo misioni.

Mhazina_Diakonia
Asanteni. Mifuko hiyo ikikosekana?

Mama Ghala
Pipa la plastiki lenye mfuniko wa kukaza, lisilowahi kubeba dawa wala mafuta. Lijae hadi juu. Likibaki nusu, hewa iliyomo inawatosha wadudu. Zungushia mpira wa tairi kwenye mfuniko.