Kwodi (pikipiki ya magurudumu manne) ya kwanza ya mtoto wa miaka 7: Yamaha YFZ50 au Honda TRX90X?

BabaPili_Ohio: Habari zenu wakuu. Kijana wangu amefikisha miaka 7, tuna eka mbili za nyasi nyuma ya nyumba. Nimepewa bei nzuri ya TRX90X iliyotumika. Mama yake hataki hata kusikia. Nichukue?

Fundi_Magurudumu: Mkuu, hapo namuunga mkono shemeji. TRX90X ni ya kuanzia miaka 10, na ina gia za kubadilisha kwa mguu. YFZ50 ni ya miaka 6 na kuendelea: injini ya cc 49, otomatiki, inawaka kwa kubonyeza swichi. Kuna skrubu ya kubania mafuta ili isikimbie sana; ikaze kabisa mwanzoni, halafu legeza kidogo kidogo kadiri anavyoiva. Usimwambie umeibania, atakusumbua mpaka usiku.

BabaPili_Ohio: Si ataichoka haraka? Ndiyo maana nataka kubwa.

Fundi_Magurudumu: Akiichoka utaiuza. Hata hiyo ndogo ina karibu kilo 100, fikiria ikimlalia. Helmeti, glavu, buti, na asipakie mdogo wake nyuma. Lami marufuku, matairi yale si ya lami.

MamaZ: ATV Safety Institute (shirika la Marekani la usalama wa kwodi) wanafundisha watoto kuanzia miaka 6. Wangu alipitia huko, na baba yake pia alijifunza mawili matatu.

BabaPili_Ohio: Haya, YFZ50. Shemeji yenu anawasalimu, anacheka.