Daktari anataka kumpaka mtoto floraidi na sisi tuko Arusha, ni salama?

MamaNai: Jamani naombeni ushauri, mwanangu ana miaka 6, daktari wa meno kasema magego yameanza kulika juu juu apakwe vanishi ya floraidi. Sasa huku kwetu chini ya Meru maji yana floraidi mpaka watoto meno yanakuwa ya kahawia, si namuongezea tatizo?

tabibu_meno: Usiogope dada. Ule ukahawia unatokana na floraidi inayomezwa kila siku wakati jino bado linajitengeneza ndani ya fizi. Vanishi inapakwa kidogo tu juu ya jino lililokwishaota, ikikutana na mate inaganda, halafu floraidi inatoka pole pole na kusaidia madini ya kalsiamu na fosfati ya kwenye mate yarudi pale asidi ya bakteria ilipokula, na enameli (lile tabaka gumu la nje ya jino) ya hapo inahimili asidi kuliko mwanzo. Ni kali kweli, floraidi yake ni 22,600 ppm (sehemu kwa milioni) wakati dawa ya mswaki ni 1,000 mpaka 1,500, ndo maana anapaka mtaalamu. Ila jino likishatoboka hapo ni kuziba tu.

BabaK: Na maji msichemshe mkidhani floraidi inaisha, haitoki! Tafuta chujio la mkaa wa mifupa au mkinge maji ya mvua ya kunywa na kupikia.

MamaNai: Asanteni sana. Akishapakwa anakula?

tabibu_meno: Vitu laini, sio vya moto wala karanga, na asipige mswaki mpaka kesho asubuhi. Mwambie daktari mnakunywa maji gani ndo apange arudie lini.